Ubeti wa Jina

Nimo katika eda. Katika chumba hiki cha nyuma nimewekewa kitanda, jamvi, feni na wifi. Feni umeme ukipotea hupumzika, wifi hapumziki. Jina lake ni Halima, dada wa marehemu mume wangu, na alikuja kutoka Mambrui siku ya msiba akiwa na mkoba mdogo, nikadhani atalala usiku mmoja. Sasa nguo zake zimejaa kwenye kamba ya uani. Hunichungulia nikila, nikiongea na simu, nikitazama dirishani. Juzi alionja chai yangu kabla sijaipokea, akasema iliki imezidi, asije mtu akanusa akadhani nimejitia manukato. Nikaipokea nikainywa. Watu husema nina moyo mkavu, na mume wangu mwenyewe alikuwa akisema hivyo bila nia ya kunitukana. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa mkalimani wa mahakama hapa Malindi. Mtu akisimama kizimbani akilia kuwa ameonewa, mimi nilisema "nimeonewa" kwa sauti ya kuagiza mkate, kisha nikangoja aendelee. Ukizoea kazi hiyo, hata msiba wako unausikia kwanza kama maneno ya mtu mwingine. Ila kiti cha marehemu kilichoko barazani kinaniuma, na nimelisema hilo hapa ili nisilirudie.

Wiki iliyopita simu ililia. Alikuwa msichana aitwaye Nuru, wa kamati ya tamasha la sanaa na vitabu, ambalo lilikufa zamani na vijana hawa wamelifufua.

"Shikamoo, Bi Fatma. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nishapoa."

Akanieleza kuwa katika vitu vya tamasha la kwanza wamepata kaseti iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: Bi Zuhura wa Mambrui, Utenzi. Wanataka kuiweka siku ya ufunguzi, watu wote waisikie. Alikuwa ameambiwa kwamba mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa nikiwatembeza wageni, kwa hiyo angependa niwaeleze Bi Zuhura alikuwa nani.

"Mumeisikiza?" nikamuuliza.

"Mwanzo tu, bibi. Ina makelele ya watu. Tumempa fundi aisafishe."

"Mwambie asiisafishe mno," nikasema. Nilikuwa naijua kaseti hiyo, na niliyajua makelele yake.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule, sijaolewa, sina kazi, hali ambayo mtaani kwetu ina jina moja tu: kukaa. Mwalimu Kahindi alinikuta nikikaa. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili kutoka Magarini, Mgiriama mrefu mwenye sauti ya chini, mtu wa kanisani siku ya Jumapili na wa mashairi siku zilizobaki. Yeye na wenzake wachache walikuwa wamejitia kichwani kwamba mji mdogo kama wetu unaweza kuwa na tamasha la waandishi, na wakakodi chumba juu ya duka la nguo karibu na soko. Chumba hicho ndicho kilichonilea mwaka mzima kuliko nyumba yoyote. Kilinuka kanga mpya, ile harufu ya dawa kabla hazijafuliwa. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi juu ya meza ileile tuliyoandikia ratiba, na matone ya tui yalikauka juu ya majina ya wageni wa heshima. Mchana viazi vya karai vililetwa kwenye gazeti, na kamati ikabishana huku ikipuliza vidole. Mimi nilikaa dirishani nikisikiliza. Mmoja alitaka waandishi wakubwa kutoka Nairobi, mwingine akasema waandishi wakubwa hula sana. Mwalimu Kahindi aliwaacha waseme mpaka wachoke, kisha akasema neno alilokuja nalo tangu asubuhi, na likapita.

Kazi yangu ilikuwa ziara. Kabla ya tamasha lenyewe kulikuwa na matembezi ya majaribio karibu kila mwisho wa mwezi, na nilijifunza kuwaongoza watu katika mji wangu kana kwamba nimeusoma mahali. Nilishika mwavuli mwekundu juu ili wasipotee. Wageni walipiga picha milango ambayo sisi tulikuwa tukiipita bila kuitazama, wakaniuliza maana ya maua yaliyochongwa, na wenye nyumba wakatoka kuona kuna msiba gani. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hawa watu wamepotelewa na nini?" Nilicheka, lakini tangu siku hiyo nimekuwa na tabia ya kusimama hatua moja nje ya jambo na kulitazama. Sijui kama ni faida au hasara. Mahakamani ilinifaa.

Katika ziara za Mambrui ndipo tulipompata Bi Zuhura. Mumewe, Mzee Athumani, alikuwa mpika halua. Wageni walipelekwa uani kwake kumwona akikoroga sufuria ya shaba kwa mwiko mrefu kama kasia, jasho likimtoka, zafarani ikigeuza rangi ya wanga. Siku moja mgeni akamsifu. Mzee Athumani akaelekeza mwiko wake kwenye mlango wa jikoni, akasema, "Mimi halua tu. Fundi wa kweli yumo ndani." Mke wake ndiye aliyekuwa akitunga nyimbo za arusi za upande wote ule. Mambrui yote ilijua, na Malindi nzima ilizicheza bila kujua. Mwalimu Kahindi alipopata habari alikuja mwenyewe siku iliyofuata, akavua viatu, akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi kwa sababu hakukuwa na kiti kingine jikoni.

"Mama, twataka uje tamashani. Ukae mbele ya watu, useme tungo zako."

"Zangu ni za arusi, Mwalimu," alijibu Bi Zuhura. Alikuwa akichambua mchele na hakuinua uso. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye macho ya kucheka hata akiwa amenuna. "Wimbo wa arusi hauna mwenyewe. Bi harusi akishatoka nao, umekwenda."

"Basi tunga usiokwenda."

Hapo akainua uso. Akaniuliza mimi, si yeye, "Utenzi huishaje, Fatma? Shuleni mwafundishwa?"

Nikamwambia kuwa mtunzi hujitaja mwishoni. Huomba msamaha kwa makosa, hutaja jina lake, kisha humaliza.

"Ehe," akasema. "Ubeti wa jina. Nimetunga tangu sijavunja ungo, na ubeti huo sijautunga hata mara moja. Nani angeuimba? Utaimba jina langu katika arusi ya mwanao?" Akarudi kwenye mchele wake. Mwishoni akasema atakuja, kwa sharti moja: ausome mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu, mpaka ubeti wa mwisho.

Alichotunga ni utenzi wa halua. Mumewe alicheka mpaka mwiko ukamponyoka, lakini hakuna aliyekuwa na fahari kumshinda. Mimi nilikuwa nikienda kila wiki kumsikiliza, maana alitunga kwa kusema na hakuwa mtu wa kalamu. Nilikaa jikoni nikipewa ukoko wa halua uliobaki kwenye sufuria, ule mgumu unaoshika meno, na yeye akisema beti huku akikata vitunguu. Akikosea alirudi mwanzo, nami nikarudi naye. Sikujua kwamba ninakariri. Ubeti mmoja alikuwa akiupenda hasa, akiusema kwa kumtazama mumewe dirishani:

*Koroga usisimame,*
*mkono usiegame,*
*moto usikusukume,*
*mwisho utaijutiya.*

"Ananifundisha kazi yangu," Mzee Athumani alisema kutoka uani.

"Ningekuwa nakufundisha kweli, beti zingekuwa nyingi zaidi," akajibu. Nimeishi na mume miaka mingi tangu hapo, na katika ndoa yangu sijawahi kusikia maneno yaliyonipa wivu kama hayo mawili.

Wiki chache kabla ya tamasha, Mzee Athumani alianguka uani, kando ya moto, na hakuinuka. Nilikwenda mazikoni pamoja na kamati. Bi Zuhura alikuwa ndani, amefunikwa shuka, na alipoushika mkono wangu alisema, "Hata sufuria haijapoa." Sikulia. Nilirudi Malindi nikala viazi vya karai, na vilikuwa vitamu, na utamu wake ulinikasirisha.

Sasa alikuwa katika eda, kama nilivyo mimi leo. Asingetoka kwenda kukaa jukwaani Malindi mbele ya watu. Katika kile chumba juu ya duka la nguo mabishano yakaanza. Mmoja akasema utenzi usomwe na mtu mwingine, atajwe kwa heshima. Nilitumwa Mambrui na pendekezo hilo, nikarudi na jibu lake: akisema mwingine, umerudi kuwa wimbo wa arusi. Mwingine akasema tungoje mwaka ujao. Mwalimu Kahindi akamwangalia, akamuuliza kama ana hakika kutakuwa na mwaka ujao, na hoja hiyo ikafa, kwa sababu kila mmoja alijua jinsi tamasha lilivyopatikana kwa kuungaunga. Mwisho Bi Zuhura mwenyewe ndiye aliyefungua njia. Aliuliza kwa wanaojua dini, akaambiwa ndani ya nyumba yake, asijipambe, aseme atakalo. Basi ziara ije kwake. Wanaume wakae barazani, wanawake waingie ndani, yeye akae nyuma ya dirisha lililoteremshwa pazia. Watu watamsikia na hatatoka. Nilipoleta habari hiyo Mwalimu Kahindi alifumba macho kidogo, akasema, "Huyo ndiye mtunzi."

Na hapo ndipo wema wake ulipotuharibia. Mwalimu Kahindi alikuwa amelelewa vizuri. Kwao Magarini mtu haendi kwenye nyumba ya msiba akining'iniza mikono. "Twaendaje hangani na mwavuli peke yake?" aliniuliza. Kwa hiyo siku moja kabla, bila kumshauri mtu, alipeleka nyumbani kwa marehemu Athumani mbuzi, gunia la mchele na sukari, na ujumbe kwamba kesho asubuhi watakuja wageni wengi. Bi Zuhura alidhani mbuzi ni wa kuwalisha wageni. Lakini Mambrui haikudhani hivyo. Mbuzi na mchele vikiingia kwenye nyumba ya maiti, na watu wengi wakatarajiwa asubuhi, hiyo ni khitma, kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu. Habari ilipita msikitini baada ya alasiri: Mwalimu wa Magarini, Mkristo wa watu, anamfanyia marehemu Athumani khitma. Nani angekosa?

Tulipofika na basi letu, baraza ilikuwa imejaa kofia. Majamvi yalikuwa yametandikwa mpaka barabarani, juzuu zimegawanywa, na wanaume wa Mambrui wakawapisha wageni wetu kwa ukarimu mkubwa, wakawaketisha katikati. Mwandishi mmoja wa Nairobi, mtu mpole mwenye kofia ya majani, alivua viatu na kukunja miguu kwa furaha. Kijana wetu wa mitambo aliweka kinasa sauti chini ya dirisha kama alivyoagizwa, akabonyeza, akarudi nyuma. Mwalimu Kahindi alisimama mlangoni mwa basi. Nilimwona akiitazama baraza, kisha mbuzi aliyekwisha kuwa pilau, moshi wake ukipanda uani, na nikaona anavyoelewa. Hakuna ambaye angeweza kuisimamisha khitma. Aliketi ukingoni mwa jamvi, akaweka mikono juu ya magoti.

Mimi niliingia ndani na wanawake. Bi Zuhura alikuwa chini ya dirisha, amevaa nguo nyeupe, mgongo wima kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake. Nje usomaji ulianza, wote kwa pamoja, kama nyuki.

"Nikamwambie Mwalimu awaeleze?" nikamnong'oneza. "Wamalize kwanza, halafu wewe..."

"Awaeleze nini? Wanamsomea mume wangu," akasema. "Mimi ni nani niwakatize?" Sauti yake ilikuwa shwari. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika upindo wa pazia, na niliona jinsi alivyouachilia. Yeye hakulia, mimi ndiye niliyegeuza uso. Katika maisha yangu nimeona watu wakihukumiwa wasirudi nyumbani, na sikuhuzunika kama nilivyohuzunika kwa ule upindo wa pazia.

Khitma ikaisha. Shehe akaomba dua ndefu, nzuri, kila kipande kikijibiwa amin. Alipomaliza na kujipangusa uso, kukawa na kimya kidogo. Katika kimya hicho mwandishi wa kofia ya majani akapiga makofi. Alipiga kwa moyo wote, akitikisa kichwa, na wageni wengine, wasitake kuonekana hawakuelewa utenzi, wakampokea. Makofi yakajaa baraza. Wanaume wa Mambrui wakatazamana. Mmoja, kwa adabu tu, naye akapiga kidogo.

Ndani wanawake wote waligeukia dirisha. Kisha Bi Zuhura akacheka. Alijaribu kuzuia kwa shuka, ikashindikana, akacheka mpaka mabega yakatikisika, na machozi ambayo hatujayaona tangu mazishi yakamtoka yote. "Athumani," akasema, "wamekupigia makofi." Shangazi mmoja alimfinya paja. Akajifuta, akaniambia nifunge dirisha, kwani nje sinia zilikuwa zimeanza kupita na wanaume hawakuwa na haja nyingine.

Halafu akausema. Katika chumba kile, kati ya wageni wanawake waliobanana ukutani na majirani wenye harufu ya pilau, aliusema utenzi wa halua mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Alipofika mwisho alingoja kidogo, akatutazama mmoja mmoja, akasema:

*Na mtunzi mkitaka*
*jina lake kulishika,*
*bila jina nimechoka,*
*ni Zuhura, nawambiya.*

Wanawake wale walikuwa wamezicheza nyimbo zake maisha yao yote. Niliona vifua vikijaa. Kila mmoja alitaka kupiga kigelegele, na hakuna aliyeweza, kwa sababu nyumba ilikuwa ya msiba. Karibu na mlango alikuwako msichana mmoja, bi harusi wa mwaka ule, ambaye kilimfika mpaka kwenye meno. Akakizuia kwa kiganja, akabaki na macho makubwa. Basi jina la Bi Zuhura lilipokewa kwa kimya. Yeye akatikisa kichwa mara moja, akauliza kama sisi wageni tumepewa chakula.

Basini, njiani kwenda Marafa kutazama bonde, wanaume walisifu utenzi waliousikia. Mwandishi wa Nairobi alisema sauti nyingi zile kwa pamoja zimemfundisha kitu. Mwalimu Kahindi alitazama nje ya dirisha mpaka jua lilipoanza kuzitia rangi kuta za mchanga za bonde lile. Alikuwa na haki ya kujua, kwa hiyo nikamwambia kuwa ameusema, ndani, wote. "Na ubeti wa jina?" akauliza. Nikamwambia na ubeti wa jina. Akatoa leso, akajifuta uso wote. Wala tamasha halikuwa na mwaka mwingine, kama alivyoogopa, na yeye ametangulia. Bi Zuhura alimaliza eda akarudi kwenye arusi zake. Kila nilipomwomba tuuandike utenzi alisema, "Ule nishausema," na akafa hivyo, nyimbo zake zikiendelea kuchezwa na watu wasiomjua.

Jana Nuru alikuja na kaseti yake, imetiwa ndani ya simu. Halima alimkagua mlangoni, akamruhusu, akaketi na ungo wake wa mchele palepale kizingitini ili asikose kitu. Tukasikiliza. Nyuki wale walisoma, shehe akaomba, amin zikapanda na kushuka. Kisha makofi. Na nyuma ya makofi, mbali, kupitia pazia la zamani, mwanamke akacheka.

"Nani huyo anayecheka?" Nuru akauliza.

"Huyo ndiye Bi Zuhura."

Nikamweleza yote. Akanywea. Akasema basi hawana kitu, itabidi jina litolewe kwenye ratiba. Aliposema jina litolewe, moyo wangu huu mkavu ulipiga kwa nguvu hata nikajishika kifua. Nimeishi kwa kusema maneno ya watu bila kuyaacha yaniguse, na nikaona kuna deni moja la maneno ambalo hakuna mtu mwingine wa kulilipa. Nikamwambia aelekeze simu kwangu, abonyeze. Nikakaa wima. Nilianza na wanga na sukari, nikaenda na samli, nikapita kwenye moto na mkono usioegama, na hakuna mahali niliporudi nyuma. Beti zilikuwa zimekaa mahali pale pale tulipoziacha, kati ya vitunguu na ukoko wa halua. Nilipofika kwenye ubeti wa mwisho sikuusema kwa sauti ya mahakama.

*Bila jina nimechoka,*
*ni Zuhura, nawambiya.*

Nuru alinitazama, akatazama simu. Kizingitini mchele ulikuwa umeacha kusikika. Wifi yangu Halima, mlinzi wa eda yangu, alikuwa amekaa na ungo mapajani, kiganja mdomoni, na macho yake yalikuwa yaleyale ya bi harusi wa karibu na mlango. Akautazama mlango wa mbele kuona kama kuna mtu. Akaondoa kiganja, akapiga kigelegele, kirefu, mpaka jirani akauliza kwa juu ya ukuta kuna nini. "Hakuna kitu," Halima akajibu, akarudi kwenye mchele wake.